Maembe Yaliyovishwa Magazeti

Baba yangu alikuwa mtunza ghala la dawa za pamba katika chama cha ushirika hapa Bariadi. Kila msimu wakulima walikuja kwake na madumu na pampu zao za mgongoni, akawapimia dawa ya mkopo, akawaeleza namna ya kuichanganya, akawakumbusha waoge kabla ya kushika ugali. Utotoni nilidhani ile harufu kali ya mashati yake ndiyo harufu ya kila baba. Kisha soko la pamba likaachiwa huru. Wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao na malori yao, ushirika ukayumba, ghala likatiwa kufuli, na baba akapunguzwa kazini pamoja na wenzake.

Watu walitegemea kwamba kiinua mgongo chake atanunulia ng'ombe, kama alivyofanya kila Msukuma mwenye akili timamu. Yeye akanunua miche ya miembe iliyobebeshwa, ile mifupi inayozaa mapema, akaipanda kwenye shamba lake nje kidogo ya mji, kando ya kijito. Upande wa chini, karibu na maji, akapanda mipera. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba amewapimia watu sumu muda mrefu vya kutosha, sasa anataka kupanda kitu ambacho mtu anaweza kukichuma na kukila pale pale aliposimama.

Baba alikuwa na wake wawili. Mkubwa aliishi Lingeka, kwenye boma la ukoo, pamoja na ng'ombe na mashamba ya pamba. Huyo ndiye ninayemwita mama mkubwa. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuitia mifugo kutoka ng'ambo ya bonde, na hakupenda maneno mengi. Mke mdogo ndiye mama aliyenizaa. Aliishi na baba hapo shambani, mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kulia. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaolewa, nashona kwa cherehani yangu kwenye kibaraza cha duka karibu na soko la Bariadi, miaka mingi kabla mji haujawa makao makuu ya mkoa.

Miembe ilipoanza kuzaa, baba akaugua. Ilikuwa masika mabaya, mito imejaa na barabara zimekatika. Mama alituma habari Lingeka kwa dereva wa basi, basi likakwama njiani, na habari ikafika baba akiwa ameshafariki. Wazee wa ukoo waliokuwepo wakaamua mwili hauwezi kusubiri kwenye hali ile. Mama mkubwa alifika baada ya maziko, gauni limelowa tope mpaka kiunoni, maana sehemu nyingine alitembea kwa miguu. Alisimama mbele ya udongo mbichi, hakulia. Akamgeukia mama yangu.

"Mlishindwa kunisubiri?"

Mama alifunika uso kwa kanga. Mama mkubwa akasubiri kidogo, akajifunga kanga yake upya, akaenda kukaa na wanawake wengine.

Baada ya matanga, ukoo uligawa mali. Ng'ombe wa Lingeka walibaki kwa watoto wakubwa wa kiume. Shamba la Bariadi likakatwa katikati: upande wa juu wenye miembe ukawa wa mama mkubwa, upande wa chini wenye mipera, pamoja na nyumba, ukabaki kwa mama yangu. Wengi tulidhani mama mkubwa ataomba mtu amtunzie miembe. Badala yake alihamia. Alijenga nyumba ya vyumba viwili upande wake, akapanda ua wa minyaa kwenye mpaka, na minyaa ilipokua, wale wanawake wawili wakawa wanasikiana wakikohoa asubuhi lakini hawasalimiani. Mimi nilikuwa nikienda kumwona mama, kisha nazunguka kwa njia ya barabarani kwenda kumwamkia mama mkubwa. Hakuna aliyeniuliza habari za mwenzake.

Miaka ile ndipo nzi walipoingia. Zamani tuliwajua funza wa maembe, mmoja huku na mwingine kule, unamkata unamtupa. Hawa walikuwa wengine. Nzi wenyewe ni wadogo, rangi ya kahawia, kiuno chembamba kama cha nyigu, na walikuja kwa wingi usioelezeka. Pera linaonekana zima, limeiva vizuri, lina harufu ya kukuita. Ukilipasua, ndani ni uji unaotembea. Maembe nayo yalianguka kabla ya kuiva, yakalala chini yakioza, na ukipita shambani unasikia harufu ya pombe iliyochacha. Wachuuzi waliokuwa wakitoka Lamadi kuja kununua matunda, wakiwa wamebeba samaki wa kuuza huku Bariadi, walianza kupasua tunda kabla ya kukubaliana bei. Wakaona funza, wakafunga vikapu vyao, wakaondoka.

Mama alifanya kile alichomwona baba akifundisha watu. Alikwenda dukani akanunua dawa. Siku hizo kila mwenye kibanda aliweza kuuza dawa ya mashamba, hapo hapo penye sabuni na betri za redio, na muuzaji hakujua zaidi ya kusema hii ni kali, hii ni kali zaidi. Mama alichukua kali zaidi, ya pamba, akaazima pampu, akapiga mipera yote. Nilipofika kumtembelea siku iliyofuata, nilimkuta amekaa kwenye kigoda uani, kuku wake wamelala huku na huku, wamekauka. Walikuwa wameokota mapera na wadudu waliodondoka baada ya kupigwa dawa.

"Na funza?" nikauliza.

Akanyoosha mkono, akaniokotea pera, akalipasua kwa vidole. Walikuwemo, wazima kabisa.

"Baba yako angenicheka," akasema, na machozi yakaanza kumtoka.

Upande wa juu mama mkubwa hakupiga dawa. Sijui kama ni kwa busara au ni kwa kukosa pampu. Aliangalia tu maembe yake yakianguka, akayafagia pembeni, yakawa rundo.

Sasa nieleze habari ya tufaha. Mfanyabiashara mwenye duka nililoshonea kibarazani kwake, mzee mmoja Mwislamu mpole ambaye wazazi wake walitoka pwani, alikuwa akileta bidhaa kutoka Mwanza. Baada ya biashara kufunguliwa, vitu vya nchi za nje vilijaa madukani, na siku moja akaleta boksi la matufaha, ambayo watu wengi mjini walikuwa wakiyaita maepo. Wengi wetu tuliyajua kwa picha za vitabu tu. Nilinunua machache, nikampelekea mama, nikampelekea na mama mkubwa.

Mama alilila lake lote papo hapo, akasema ni tamu ila lina maji. Mama mkubwa alilishika lake, akaligeuza, akalikagua kama anayekagua ngozi ya ndama. Halikuwa na doa. Akachukua kisu, akalikata katikati, akakata tena, akakata mpaka mbegu zikatoka.

"Hakuna kitu," akasema.

"Hamna nini, mama?"

"Hamna funza. Huko yalikolimwa hawana nzi?"

"Labda kuna baridi sana, nzi hawaishi."

"Mayu," akaniambia, yaani mama kwa Kisukuma, kama anavyowaita mabinti wote anaowapenda, "penye tunda tamu pana mdudu. Hao watu wanafanya kitu. Mimi nataka kujua wanafanya nini."

Kesho yake alitokea kibarazani kwangu, amevaa viatu vya kufungwa, jambo alilolifanya kwa safari za maana tu. Akaingia dukani, akamwamkia mzee, akamuuliza wenye matufaha wanafanyaje. Mzee hakumcheka. Alimletea boksi lenyewe, akamwonyesha jinsi kila tunda lilivyokaa kwenye kishimo chake cha karatasi, akakiri kwamba zaidi ya hapo hajui. "Lakini kuna bibi shamba mgeni ofisi ya kilimo," akasema. "Anakuja kununua sukari hapa. Huyo amesoma mambo ya matunda. Nenda kamwone."

Mama mkubwa alikwenda siku ile ile. Bibi shamba alikuwa amekwenda vijijini. Akarudi tena, akaambiwa yuko mkutanoni. Akakaa kwenye benchi nje ya ofisi mpaka mkutano ukaisha. Baadaye bibi shamba mwenyewe aliniambia kwamba alipotoka alimkuta mama mmoja mrefu amesimama mlangoni, ameshika ganda la tufaha lililokauka kwenye karatasi, anauliza, "Hili lilikingwa na nini?"

Bibi shamba alikuwa msichana wa kutoka nyanda za juu kusini, ambako matufaha yanalimwa. Nadhani ndiyo maana swali lile lilimfurahisha. Alikuja shambani na pikipiki ya serikali, mimi nikaacha cherehani nikamfuata, maana mama mkubwa alitaka mtu wa kumsaidia Kiswahili cha ofisini pale kitakapokuwa kizito. Hakikuwa kizito. Yule dada alikaa kwenye mkeka akaeleza polepole kwamba kwa wenzetu wanaolima matufaha kwa bidii, dawa ya kupiga inakuja mwishoni, wala haiji kila siku. Kwanza wanatundika mitego yenye harufu ili wajue ni mdudu gani amefika na amefika lini. Pili wanaokota kila tunda lililodondoka, kwa sababu funza akitoka kwenye tunda anaingia ardhini, na humo ardhini ndimo anamogeuka kuwa nzi. Tatu, wengine wanalivika kila tunda mfuko wa karatasi likiwa bado dogo.

"Kila tunda?" nikauliza.

"Kila tunda, dada."

Mama mkubwa alitazama miembe yake. Baba alikuwa ameikata vizuri ikabaki mifupi, mtu akipanda kwenye kigoda anafikia karibu matawi yote. Niliona uso wake ukipiga hesabu ya kazi, na niliona haogopi.

"Dawa yenyewe ya kupiga haifiki kwa funza," bibi shamba akaendelea. "Nzi jike anatoboa ganda, anataga ndani. Ukipiga dawa juu, ni sawa na kumwagia maji mlango wa mtu aliyelala chumbani."

Kisha akazunguka shamba. Akafika kwenye minyaa, akachungulia upande wa pili, akaona mipera na mapera yaliyotapakaa chini. Aliporudi kwenye mkeka alikuwa na uso wa mtu anayetafuta namna ya kusema.

"Yale mapera ni ya nani?"

"Ni ya jirani," akajibu mama mkubwa. Mimi nikatazama chini.

"Mapera yanatangulia kuiva. Nzi wanazaliana kule kwanza, maembe yakianza kunona wanahamia huku. Nikikudanganya nitakuwa nimekunywa bure chai yako, mama. Ukifanya upande huu peke yake, unajichosha. Kwa nzi hili ni shamba moja."

Nilipata hofu. Nilijua sasa mama mkubwa ana neno mkononi. Angeweza kusimama mbele ya ukoo mzima na kusema, mdogo wangu ndiye anayeniharibia maembe, serikali imethibitisha. Wengine wangefanya hivyo, na kwa haki. Yeye alimshukuru bibi shamba, "wabeja sana," akamfungia kuku wa kupeleka nyumbani.

Nililala hapo siku hiyo, upande wa mama. Asubuhi, jua likiwa limeshapanda kidogo, tulisikia minyaa ikikatwa. Tukatoka. Mama mkubwa alikuwa amefungua upenyo kwa panga, amepita, yuko chini ya mpera wa kwanza na ndoo, anaokota mapera yaliyooza. Utomvu wa minyaa ulikuwa umemrukia mkononi, hakuujali.

Mama alisimama kwa mshangao, kisha hasira ikamjia.

"Mwangaluka," akasema mama mkubwa bila kuinuka. Ndiyo salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu mali zigawanywe.

Mama hakuitikia. "Nani kakuambia uokote mapera yangu?"

"Siokoti ya kula. Naokota ya kuzika."

"Ya kuzika?"

"Mdudu yuko ndani. Yakibaki chini, anazaliwa mwingine. Yanatakiwa yafukiwe kwenye shimo refu." Akaweka pera moja kwenye ndoo, akaongeza kwa sauti ya chini, ile sauti yake kubwa imekwisha, "Maziko ya mwenye shamba sikuyawahi. Haya niache niyawahi."

Sikuwahi kumwona mama akikosa la kufanya na mikono yake kiasi kile. Aliifuta kwenye kanga, akaishika kichwani, akaishusha. Kisha akakaa chini, hapo hapo kwenye majani yenye mapera yaliyopasuka.

"Nilituma habari," akasema. "Wallahi nilituma. Nilimpa dereva siku ile ile mume wetu alipozidiwa. Nilikaa namshika mkono, nasikiliza basi la kutoka kwenu. Aliuliza habari zako, dada. Aliuliza kama mvua imewaharibia pamba."

Mama mkubwa akaacha kuokota.

"Aliuliza hivyo?"

"Aliuliza. Nilitaka kukuambia siku ile uliponiuliza, nikashindwa. Baadaye ukapanda minyaa."

 Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sikujua kama niingie ndani au nibaki. Halafu mama mkubwa akasema, kama mtu anayeuliza jambo la kawaida kabisa, "Una jembe la pili?"

Mama akainuka akaenda kuleta jembe. Walichimba shimo wakipokezana, mimi nikaokota. Walipofukia, mama mkubwa alishindilia udongo kwa miguu yake miwili, taratibu, akizunguka. Mama akaungana naye. Hakuna aliyelia wakati huo. Walilia baadaye, wakinywa uji, na sikukaa kuwatazama.

Kuanzia hapo shamba likawa moja tena kwa kazi, ingawa kwa karatasi za ukoo lilibaki mawili. Bibi shamba alileta kutoka kituo cha utafiti chambo cha mitego, kimiminika chenye harufu ya kukaribiana na karafuu. Alitufundisha kutoboa chupa za maji za plastiki, ambazo siku hizo zilianza kutupwa ovyo stendi ya mabasi, kuingiza ndani pamba iliyolowekwa chambo na dawa kidogo sana, na kuzitundika kivulini. Alieleza kwamba harufu ile huvuta nzi dume tu. Wakiisha madume, majike hutaga mayai yasiyo na uhai.

Mama alicheka mpaka akashika mti. "Kumbe hata kwa nzi, wanaofuata manukato ni wanaume!"

"Na wanaingia wenyewe," akasema mama mkubwa, "hawajaitwa kwa jina." Nilikuwa sijawahi kumsikia akifanya mzaha. Wakaangaliana, wakacheka pamoja, na mimi nikajua wanamfikiria mtu mmoja.

Chupa zilijaa. Ulikuwa unaisogelea unaona chini kumetanda weusi kama majani ya chai yaliyomwagwa. Mama mkubwa alikuwa akizikagua kila asubuhi kabla ya kunywa uji, anamwaga nzi waliokufa kwenye jani, anawachambua kwa kijiti, anatambua yule mgeni na wale wa zamani. Kazi ya mama ilikuwa kuokota. Alianza kuokota kwa kinyaa, akaishia kuokota kwa wivu, yaani asipate mtu wa kumtangulia. Matunda mengine waliyafunga kwenye mifuko myeusi ya nailoni wakayaacha juani mpaka funza wakapikika humo ndani.

Mimi nilipewa kazi ya mavazi. Maembe yalipofikia ukubwa wa yai, nilikwenda sokoni nikanunua magazeti ya zamani kwa kilo. Enzi hizo magazeti ya watu binafsi yalikuwa yamezagaa kama uyoga, kila siku jina jipya, na yakishasomwa yalitumika kufungia vitumbua. Tulikaa kivulini tukikunja na kubandika kwa uji wa unga, tukatengeneza mifuko, na wale wanawake wawili wakapanda vigoda na kuvika embe moja moja na kulifunga kwa uzi wa katani. Wapita njia walisimama barabarani.

"Mayu, miembe yenu imeanza kusoma?"

"Inasoma," mama akajibu. "Wewe uliyesoma zamani umefaidika nini?"

Kisha ikanyesha mvua ya upepo. Tulipotoka asubuhi, shamba zima lilikuwa vipande vya magazeti, vingine vimenasa kwenye minyaa, na maembe yamebaki uchi. Mama aliingia ndani akajilaza. Mimi nilikuwa tayari kurudi kwa cherehani yangu na kusahau habari yote. Mama mkubwa aliokota kipande cha karatasi, akakivuta kikachanika, akaniuliza, "Wewe ni fundi nguo au fundi karatasi?"

Nikarudi mjini nikawaza. Kwenye mitumba ya sokoni kulikuwa na mapazia ya wavu, yale mepesi yanayotundikwa madirishani Ulaya, watu wa hapa hawakuyanunua sana kwa sababu yanaonyesha ndani. Nilichukua marobota ya mabaki. Nilikata, nikashona vifuko vyenye kamba ya kuvuta mdomoni, kazi ya wateja nikaisogeza pembeni, na mume wangu akawa anarudi anakuta nyumba nzima ina vitambaa vyeupe kama kuna harusi. Mzee mwenye duka alinichangia uzi. Tulipovivisha, maji ya mvua yalipita, hewa ilipita, nzi alitua nje akatembeatembea akaondoka. Nilimwona mmoja kwa macho yangu, anapapasa wavu kwa mkia wake, akishindwa. Sijawahi kujivunia mshono wangu kama siku ile, hata gauni la bibi harusi halikunipa furaha ya namna hiyo.

Hatukuwamaliza nzi. Bibi shamba alituonya tangu mwanzo kwamba hakuna anayewamaliza, hata hao wenye matufaha. Mapera mengi bado yaliharibika msimu ule, na maembe ya matawi ya juu tuliyoshindwa kuyafikia yalianguka kama kawaida. Lakini mama mmoja muuza samaki kutoka Lamadi, mnunuzi wetu wa zamani, alipopita kwa mazoea tu bila matumaini, mama mkubwa alimkaribisha mkekani, akafungua kifuko mbele yake, akampa embe na kisu.

"Pasua."

Yule mama akapasua. Akapasua la pili. Akapasua la tatu akalila, maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Mmepiga dawa gani?"

Mama na mama mkubwa wakajibu kwa pamoja, mmoja akisema mitego, mwingine akisema shimo, na wakaanza kubishana ni kipi kilichofanya kazi zaidi. Yule mama akawa anawatazama kwa zamu, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Hawa ni ndugu?"

"Ni mama zangu," nikamwambia.

Miaka imepita tangu hapo. Bibi shamba alihamishwa, akaja mwingine, akaondoka naye. Chambo siku hizi kinauzwa madukani, na wauzaji wa sasa wamefundishwa, si kama wale wa kali na kali zaidi. Watu waliotucheka walikuja mmoja mmoja kuomba vifuko, mwanzo wakijificha, baadaye waziwazi. Nilipata kazi ya kudumu ya kushona vifuko hivyo, na nilipoongeza cherehani ya pili ilikuwa kwa sababu ya maembe.

Mama zangu wamezeeka. Mama mkubwa macho yake yamepungua nguvu, hawezi tena kutofautisha nzi na nzi kwa kijiti, kwa hiyo mama ndiye anayeangalia chupa na kumwelezea alichokiona. Kiangazi mama mkubwa huenda Lingeka kuona ng'ombe na wajukuu, na akikawia, mama huanza kunipigia simu kuniuliza kama kuna basi limefika.

Msimu uliopita lilikuja kundi la wakulima kutoka Kiloleli, wamepakiwa kwenye basi dogo, wameletwa na afisa wa kilimo wajionee. Walitegemea hotuba. Mama mkubwa alisimama akiegemea fimbo, akaanza kwa Kisukuma kueleza habari za shimo: liwe refu kiasi gani, udongo ushindiliwe namna gani. Mama akamkatiza kutoka kwenye mkeka.

"Sio mpaka magotini, dada. Mpaka kiunoni."

"Kiuno cha nani? Chako wewe mfupi?"

"Chako. Mimi nikichimba cha kwangu funza wanatoka wanacheka."

Wageni wakaangua kicheko. Kijana mmoja akauliza basi wao wafuate kiuno cha nani. Wakamwambia achukue jembe achimbe, waone. Akachimba, wao wamesimama juu yake mmoja kila upande, kila mara mmoja akisema bado, mwingine akisema inatosha. Mimi nilikuwa nimekaa kivulini nashona kwa mkono kamba ya kifuko kilichochanika, nawasikiliza, na nilitamani wasikubaliane haraka.